Bessarabia 1812: ilikombolewa au iliporwa?

Wakuu, kuna wanaosema Urusi "iliikomboa" Bessarabia (leo sehemu kubwa ni Moldova, nyingine Ukraine) kutoka kwa Waturuki. Mimi nasema iliporwa. Kwa Mkataba wa Bucharest, Mei 1812, Sultani alimwachia Tsar Alexander I nusu ya mashariki ya Moldavia, kati ya mito Prut na Dniester. Moldavia haikuwa shamba la Sultani. Ilimlipa kodi tu, ina mtawala wake. Kagawa kisicho chake. Hata jina ni ujanja: zamani Bessarabia ni ukanda wa kusini, kule Bahari Nyeusi. Warusi wakalivuta likafunika jimbo zima.

*

Mkuu, umeruka kitu. Huko kusini, Budjak, Moldavia haikuwa inatawala. Walikaa Watatari wa Nogai, na ngome za Ismail, Bender na Akkerman zilikuwa mikononi mwa Waturuki wenyewe. Alipokuja Mrusi wakahamia Wabulgaria, Wagagauzi (Wakristo wanaosema lugha ya jamii ya Kituruki), Wajerumani. Sensa ya 1897 iliuliza lugha ya mama: Kimoldova na Kiromania 47.6%. Hata nusu hawafiki! Wayahudi karibu 12%. Sasa tuambie, iliporwa kwa nani?

*

Wewe wa sensa umewataja Wayahudi ukapita mbio. Aprili 1903, Pasaka ya Wakristo, mjini Kishinev (Chișinău ya leo), walivamiwa majumbani mwao, 49 wakauawa. Gazeti la pale, Bessarabets, lilikuwa limeshaeneza uzushi kwamba Wayahudi wamemuua mvulana wa Dubossary wakitaka damu yake. Kumbe aliuawa na mtu wa ukoo wake mwenyewe. Huo ukombozi wenu wao uliwafikia lini?

*

Mleta mada narudi. Hiyo 47.6% imepatikana baada ya miaka 85 ya kuleta wageni, kwa hiyo umenisaidia mimi. Halafu tazameni 1878. Romania, iliyozaliwa na Moldavia iliyobaki pamoja na jirani yake Wallachia, imetoka kupigana bega kwa bega na Urusi dhidi ya Mturuki, wakakaa mkutanoni Berlin chini ya Bismarck, kansela wa Ujerumani (huyohuyo aliyeitisha kikao cha kuigawana Afrika miaka sita baadaye), Urusi ikamnyang'anya mwenzake Bessarabia ya kusini, ambayo Moldavia ilikuwa imerudishiwa 1856, ikampoza na Dobruja, eneo jingine la pwani ya Bahari Nyeusi. Mkombozi gani huyo? Na 1918 baraza la Bessarabia, Sfatul Țării, lilipiga kura kujiunga na Romania: 86 ndiyo, 3 hapana.

*

Na waliojizuia je? 36, mkuu, mbona umewameza? Na jeshi la Romania lilikuwa mjini tangu Januari.

*

Nimewameza kweli, nakubali. Hao 36 wananisumbua hata mimi, maana kwa mtutu uliokuwepo pale mjini huwezi kujua nani alisita na nani aliogopa. Ila hiyo ni kesi ya 1918. Ya 1812 hakuna aliyepiga kura, hata ya kujizuia. Aliye na hoja ya 1812 ailete.