Mataveri hadi Mount Pleasant: umbali wa kwenye ramani na muda halisi wa safari

Dira_Kusini
Wakuu, naomba tulinganishe njia za kutoka Mataveri, uwanja wa ndege wa Kisiwa cha Pasaka (Chile), hadi Mount Pleasant, uwanja wa ndege wa Visiwa vya Falkland. Kikokotoo kinanipa kilomita 5,000 hivi kwa mstari mnyoofu, yaani muda usiozidi saa 7 angani, lakini hakuna ndege ya abiria inayofuata mstari huo. Je, ni afadhali kuisubiri ndege ya kwenda Falkland nikiwa Santiago, au kutangulia Punta Arenas, kusini mwa Chile?

Mpima Anga
Hesabu ni sahihi, ila ni ya ndege isiyokuwepo. Utaruka kilomita 3,760 hivi hadi Santiago, kisha karibu 2,200 kuelekea kusini hadi Punta Arenas, halafu 840 hivi za mwisho, na jumla itakaribia 6,800. Muda wa angani pekee ni kama saa 9 na nusu. Bahati nzuri, kutoka kisiwani upepo wa magharibi unakusukuma kwa nyuma, ndiyo maana mguu wa kwanza (kipande cha kwanza cha safari) huwa mfupi kwa karibu saa nzima kuliko ule wa kutoka Santiago kwenda Mataveri.

Abiria wa Jumamosi
Mkuu, kilomita si tatizo; tatizo ni kalenda. Ndege ya abiria ya kutoka Chile kwenda Mount Pleasant ni moja kwa wiki, hutoka Santiago Jumamosi na kutua Punta Arenas njiani, kwa hiyo ukiikosa umeongeza siku 7 kwenye safari ya saa 9. Mimi ningetangulia Punta Arenas Alhamisi, kwa sababu hapo unakuwa umebakiza mguu mmoja tu.

Mpima Anga
Hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Ukikata tiketi mbili ili utangulie, ndege ya kwanza ikichelewa hasara ni yako, ilhali kwa tiketi moja shirika ndilo linalowajibika kukupangia safari nyingine. Mataveri ina njia moja ya kurukia, na uwanja wa akiba, wa kutua ikishindikana hapo, uko zaidi ya kilomita 2,000, hivyo hitilafu ndogo huko huweza kuchelewesha ndege nzima. Ningekata tiketi moja, nikalala Santiago usiku mbili.

Dira_Kusini
Nimeelewa. Na upande wa kutua, kuna la kuhofia?

Abiria wa Jumamosi
Lipo. Upepo wa kaskazini ukivuma juu ya vilima vya karibu, hewa huvurugika vibaya uwanjani Mount Pleasant na ndege huweza kuahirishwa, kwa hiyo usipange miadi siku ileile. Kumbuka pia kwamba saa za Falkland ziko mbele ya za kisiwani kwa saa 2 au 3, kutegemea msimu, na kwamba kutoka uwanjani hadi Stanley, mji mkuu, ni kilomita 50 hivi kwa gari.