Naomba ushauri: nichimbe kisima kwenye tuta la kokoto lililofukiwa?

Wakuu, habari zenu. Nipo Kanada, mashariki ya Ottawa, jirani na Vars. Kisima nilichokikuta hapa kimeishia kwenye udongo wa mfinyanzi. Mashine ya kufulia ikijaza mara mbili tu, bomba linaanza kukohoa hewa.

Jirani ananiambia chini ya mfinyanzi kuna tuta refu la mchanga na kokoto, lililoachwa na mto uliopita chini ya barafu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kisha Bahari ya Champlain, bahari ya kale iliyokuwa huku, ikalifunika kwa tope. Visima vya kijiji cha Vars vinanyonya humo humo. Shida ni kwamba tuta lenyewe jembamba, na mchimbaji anahesabu hela kwa futi, maji yatoke yasitoke.

Rekodi za visima vya Ontario nimezipitia: cha huku kimeandikwa kokoto, cha pale ng'ambo mfinyanzi mpaka mwambani. Je, nimlipe kwanza mtu wa kupima ardhi kwa umeme, ajue tuta limepita wapi chini? Na pale tuta linapojitokeza juu, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji haitapenya ikanifikia? Aliyewahi kuchimba huku anisaidie, fundi anarudi Jumatatu.