Punda wanaozurura Lamu: akamatwe punda au akamatwe mwenyewe?

Mkomani Mmoja: Assalaam alaykum. Nimechoka kuona punda wanavyolala uwanjani Mkunguni. Mchana wanabebeshwa mchanga na mawe. Jioni wakishavuliwa shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, wanaachiwa wajitafutie kwenye jaa, wanakula maboksi na nailoni. Yuko mmoja ana kidonda mgongoni kinatoa usaha, na asubuhi anatwishwa tena. Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inakataza kumpiga mnyama, kumtwisha kupita kiasi na kumnyima chakula. Lakini ukifanywa msako, anayefungiwa ni punda. Mwenyewe akija akalipa, kesho punda anabeba mara mbili kufidia ile faini. Kwa nini mwenyewe asifikishwe kortini?

Mwenye Shogi: "Wanaachiwa"! Kana kwamba twawatupa. Nyumba yako hapo Mkomani, mawe yalifika juu kwa mabawa? Punda wa Amu walala nje tangu enzi za babu zetu, na usiku warudi wenyewe, ndia waijua. Kumfunga kwenye ua wa hatua tatu ndio ukatili.

Wakili Mdogo: Swali lilikuwa la kidonda, si la kulala nje. Sheria hiyo ni ya miaka ya sitini na haimwachi mwenye mnyama: akipatikana na hatia, mahakama inaweza hata kumnyang'anya. Ugumu ni shahidi. Nani atasimama kizimbani amshitaki jirani anayesali naye msikiti mmoja?

Mwenye Shogi: Bado hujanijibu habari ya mawe.

Mtu wa Limuru: Nyinyi mna bahati mnabishania vidonda. Huku bara machinjio yalipofunguliwa, ngozi zinapelekwa China, tulikuwa tunaamka asubuhi tunakuta kamba tu. Mama anayeuza maji kwa mkokoteni akiibiwa punda, kazi imeisha. Serikali ikapiga marufuku 2019. Halafu nyinyi wa Lamu ruhusuni bodaboda mjini, punda wapumzike, maneno yaishe.

Wakili Mdogo: Ni 2020. Na 2021 Mahakama Kuu ikatengua hiyo marufuku. Umoja wa Afrika ndio uliokubaliana Februari 2024 kuzuia biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15.

Bint Langoni: Bodaboda wapi? Wewe umewahi kupita vichochoro vya mji wa kale? Punda akipita na mzigo sisi tunajibanza ukutani. Pikipiki itapita juu ya nani, watoto wanaotoka chuo cha Kurani au bibi zetu? Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, usituletee moshi.

Kijana wa Mokowe: Urithi, urithi! Mja mzito akishikwa na uchungu saa nane usiku, huo urithi utambeba? Mnawapenda wageni wanaopiga picha kuliko sisi wa bodaboda tunaotafuta riziki. Kila tukitajwa, ni wahuni.

Bint Langoni: Neno "wahuni" nimelitaja wapi? Soma tena. Na mja mzito usimtumie kama ngao. Umpandishe kwenye pikipiki, uruke naye zile ngazi?

Kijana wa Mokowe: Ngazi haziko mji mzima. Huko nje kwenye mchanga mbona zinapita?

Mkomani Mmoja: Jamani, tulikuwa kwa punda. Hospitali ya punda iko hapa tangu 1987 na inatibu bure. Mtu akiacha kidonda kioze wakati matibabu ni ya bure, huyo hana udhuru, na namtaka kortini hata akiwa ndugu yangu.

Mwenye Shogi: Wangu nawapeleka, waulize wenyewe pale. Lakini huyo unayemtaka kortini mara nyingi ni kijana wa kibarua, si mwenye punda. Alipwa kwa safari, kwa hiyo haondoi mzigo hata punda akichechemea. Mwenye punda sita yuko kwake ahesabu pesa. Mtakayemkamata ni yule kijana.

Wakili Mdogo: Sheria inamgusa pia mwenye mali aliyeruhusu ukatili. Washitakiwe wote wawili.

Mwenye Shogi: Basi anzeni na mkandarasi apangaye safari kumi na tano kwa siku, kisha ndooni kwangu.

Mkomani Mmoja: Huyo mkandarasi nitakuwa wa kwanza kumtolea ushahidi.

Kijana wa Mokowe: Kuhusu ngazi hamjanijibu.