Dua ya mvua inatosha, au tunajificha nyuma yake?

Mwenye mada, Tudor (Mombasa):
Assalaam alaikum. Tujadili bila kukufurishana. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 Kenya yetu ilipitisha misimu mitano mfululizo mvua ikiwa haba, tukaswali kuomba mvua. Novemba 2023 ikaja ya El Niño, mitaa ikafurika, tukaambiwa ni qadari ya Mungu, tusubiri. Qadari naiamini. Ninachopinga ni khutba kuishia hapo. Surat Ar-Rum, aya ya 41, inasema ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale waliyoyatenda watu kwa mikono yao. Mbona mikono hiyo haitajwi Ijumaa? Mikoko ya Tudor ilikatwa na nani, na mashetani?

Mama wa Mikindani:
Bwana asifiwe. Mwanangu, usiwavunje watu moyo. Mwanzo 9, Mungu alimwahidi Nuhu kwamba gharika haitaiharibu nchi tena. Mama muuza samaki hana kiwanda. Moshi huu unaoharibu hali ya hewa ni wa nchi tajiri. Ukimnyang'anya tumaini hilo, umembakishia nini?

Mwenye mada:
Shikamoo mama. Ahadi hiyo siigusi, na Nuhu ni mtume kwetu pia. Lakini aliamrishwa kujenga safina, akaijenga watu wakimcheka. Na Mtume wetu (s.a.w.) alisema Kiyama kikikukuta na mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Sijaona tumaini kubwa kuliko hilo. Kwa nchi tajiri umesema kweli tupu. Mwaka 2015 Papa Francis alitoa waraka kuhusu mazingira, na mwaka huohuo wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao la tabianchi Istanbul, wote wakizitaka nchi hizo zibebe mzigo wao. Basi tuyasikie hayo misikitini na makanisani, huyo muuza samaki ajue ana haki ya kudai.

Mvuvi, Mji wa Kale:
Mkishapatana, msikimbilie kupanda ovyo. Nimeona miche ya mkoko imechomekwa mbele kabisa penye mawimbi, maji makuu ya bamvua yakaizoa. Mbele ni pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko. Mkoko wataka tope la kati, na mkandaa, aina nyingine tena, juu karibu na nchi kavu. Chomekeni maji yakikupwa, ncha chini.

Mama wa Mikindani:
Asante baba. Hilo la miche nitalifikisha kwa mchungaji. La Nuhu sijabadilika: maji yalipojaa ndani ya nyumba za watu wangu, ni ahadi ile iliyowalaza usiku.