Nanobodi imejaa kwenye chipu ila antijeni haishikwi, shida ni upande iliokalia?

laisini_moja: Wakuu habari. Nina nanobodi (kipande kidogo cha antibodi) ya kilodaltoni 15 hivi, nimeibandika kwenye chipu ya SPR (kipimo cha mwanga kinachoonyesha protini zikishikana) ile yenye dextrani ya kaboksili, kwa EDC/NHS (kemikali za kuunganisha amini za protini na kaboksili), bafa ya asetati pH 4.5. Kubandika kunaenda freshi kabisa, nafika RU 900 (RU ni kipimo cha kiasi kilichokaa kwenye chipu), afu nikipitisha antijeni (protini inayotakiwa kushikwa) ya kilodaltoni 30 hata nikiongeza kiasi vipi inagota RU 250 haisogei. Kwenye myeyusho protini ni nzima inashika vizuri tu, kwahiyo nahisi zimekaa hovyo, nyingine zimefunika chini mdomo wa kushikia antijeni. Nina tagi ya histidini sita kwenye mkia wa C, je nihamie chipu ya nikeli inayoshika histidini, au niiunde upya niweke sisteini? Nataka niwe naiosha kwa asidi naitumia tena na tena.

mzee_wa_bafa: Piga hesabu kwanza. Antijeni ina uzito mara mbili ya nanobodi, kama ni moja kwa moja basi 900 ilitakiwa ikupe 1800. Umepata 250, yaani kama asilimia 14 tu ndo zinafanya kazi, zingine mapambo.

Na hiyo EDC/NHS kwenye nanobodi ina mtego ambao watu wengi hawauoni. Wote tunasema inashika laisini (amino asidi yenye amini) yoyote inayoikuta, sawa, lakini ukishusha pH laisini karibu zote zinakuwa na chaji na hazichangamki, ile amini ya mwanzo wa mnyororo ndo inabaki na nafuu kidogo kwasababu pKa yake (pH ambapo nusu zina protoni) iko chini. Sasa kwenye nanobodi mwanzo wa N uko upande uleule wa mdomo wa kushikia, mkia wa C ndo uko upande wa pili. Kwahiyo sio hovyo tu, inawezekana kabisa kemia yako inazivuta zikae upande mbaya. Angalia pia kama una laisini ndani ya CDR (vitanzi vinavyoshika antijeni), hiyo nayo ni msala.

tagi_tu: Mkia wa C ndo penyewe, hapo huna cha kubadilisha. Ila nikeli kwa matumizi ya kurudiarudia sahau, histidini sita zinaachia taratibu, mstari wa chini unateremka muda wote, na ukipitisha asidi histidini zinapata protoni protini yote inaondoka. EDTA nyingi ndo usiiweke kwenye bafa, inang'oa nikeli. Mi ningeenda AviTag, ni amino asidi 15, enzaimu ya BirA inaweka biotini kwenye laisini moja tu ya hiyo tagi, afu unashikisha kwenye streptavidini, protini inayokamata biotini kwa nguvu sana. Asidi ya kuoshea haiing'oi. Tafadhali usinunue biotini ya NHS ukadhani ni kitu kimoja, ile inarukia laisini zote, utakuwa umerudi palepale.

laisini_moja: Asante. Na sisteini vipi? Naona ni mutesheni moja tu, rahisi kuliko kuhangaika na enzaimu.

kimya_cha_lab: Rahisi kwenye karatasi 😅 Sisteini iliyo wazi inashikana na mwenzake unapata dimeri, kwahiyo lazima uitenganishe kwa TCEP (kemikali ya kuvunja daisalfaidi, yaani bondi ya sisteini mbili) kidogo kabla ya kubandika, kidogo kweli maana nanobodi ina daisalfaidi yake ya ndani hutaki kuigusa. DTT, nayo ya kazi hiyohiyo, ukiitumia uiondoe yote la sivyo inakula maleimidi yako (kemikali ya kwenye chipu inayoshika sisteini). Na pH ibaki 6.5 hadi 7.5, ukizidi 8 maleimidi inaanza kushika amini na mambo ya upande mmoja yanaishia hapo. Ikikubali lakini ni bondi ya kovalenti, imara sana.

Kuna jamaa watakwambia SpyTag na SpyCatcher, tagi na protini inayoungana nayo kwa bondi ya kovalenti. Nzuri, inajifunga yenyewe bila enzaimu, ila hiyo SpyCatcher nayo lazima uibandike chini kwa njia fulani, ukiibandika kwa amini umeisogeza tu shida ngazi moja. Ipe sisteini moja yenyewe ndo inaleta maana.

mzee_wa_bafa: Kabla hujaagiza jeni mpya, tumia hiyo histidini uliyonayo kama kipimo tu, hata kama inavuja. Shikisha kwenye nikeli, pitisha antijeni mara moja, usioshe kwa asidi, angalia asilimia. Ikiruka juu basi ni upande. Afu jaribu pia chipu yako ya sasa na RU 100 au 150 tu badala ya 900, maana zikibanana sana antijeni inakosa nafasi na hapo hata zingesimama wima zote bado ungepata namba mbaya. Na njia ya kulinganishia iwe NTA (kishikio cha nikeli kwenye chipu) isiyo na nikeli, uone antijeni yenyewe hainati kwenye dextrani.

laisini_moja: Poa, naanza na nikeli. Antijeni yangu nayo ina histidini sita lakini 🤦 itashikwa moja kwa moja kwenye chipu.

tagi_tu: Basi ikate hiyo tagi kwa TEV (enzaimu ya kukata protini) kama umeacha sehemu ya kukatia. Kama hukuacha, nikeli haikufai hata kwa kipimo, nenda AviTag.