Naomba ushauri: punje za haidrojeli zinasambaratika kwenye bafa

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mbeya, mwaka wa mwisho, mradi wangu ni dawa inayotoka kulingana na pH (kipimo cha uasidi). Nadondosha sodiamu aljineti (ile ya mwani wa kahawia) iliyochanganywa na diklofenaki (dawa ya maumivu) kwenye kalsiamu kloraidi, napata punje za haidrojeli, yaani jeli inayoshika maji mengi. Nataka dawa ipite tumboni bila kuunguza, ikatokee kwenye utumbo.

Kwenye asidi ya pH 1.2 hakuna shida, punje zinasinyaa na kushikilia dawa. Tatizo ni bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya fosfeti ya pH 7.4, nyuzijoto 37. Zinavimba, ukigusa na kijiko zinabonyea kama ugali mbichi, halafu zinaachia dawa yote kwa mkupuo. Fosfeti hunyang'anya ile kalsiamu inayofunga minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za aljineti. Sasa nitajuaje kama ni pH inayofanya kazi au ni bafa tu? Mradi wote umesimama hapo.

Nafikiria kuzipaka kitosani (polima ya maganda ya kamba), ila itabidi niagize Dar na si bei ndogo. Aliyewahi kufanya: unaiweka humohumo kwenye kalsiamu au baadaye? Na nikirudia jaribio kwa bafa ya Trisi, isiyo na fosfeti, ulinganisho huo utatosha kumridhisha msimamizi?