Kubana data za zamani za vihisi: wastani wa kawaida, wastani wa muda au thamani ya mwisho?

MtunzaData: Wakuu, nina kumbukumbu za miezi mingi za joto, presha na hali ya pampu. Kihisi huandika pale tu thamani inapobadilika, kwa hiyo rekodi hazijapishana kwa muda sawa. Nataka thamani moja kwa kila saa ili ripoti zifunguke haraka. Programu inanipa njia hizo tatu. Mnatumia ipi?

FundiMitambo: Mkuu, kwa data ya aina hiyo wastani wa kawaida achana nao kabisa. Chukua saa moja: joto limetulia kwenye nyuzi 60 kwa dakika 50, likaandikwa mara moja tu mwanzoni. Dakika 10 za mwisho likaruka hadi 90 hivi na kuchezacheza hapo, likaandikwa mara 10. Jumlisha rekodi zote, gawa kwa 11, unapata kama 87. Ukiipa kila thamani uzito wa muda iliodumu, yaani wastani wa muda, unapata 65. Data ni ileile! Atakayekokotoa nishati kwa hiyo 87 atapotea mbali.

Kilele: Naunga mkono, ila hiyo 65 nayo inaficha jambo: hakuna atakayejua joto lilifika 90. Hifadhi na kiwango cha chini na cha juu cha kila saa. Ndiyo, nafasi inayotumika inakuwa mara tatu, lakini anayetafuta chanzo cha hitilafu anahitaji kilele kuliko wastani.

MtunzaData: Na thamani ya mwisho? Ndiyo nyepesi kuliko zote.

FundiMitambo: Kwa viwango anavyoweka opereta, sawa. Kwa presha, hapana. Presha ikipanda na kushuka kila sekunde 12 nawe unachukua thamani moja kila sekunde 60, unaigusa palepale kila mara, na grafu inatoka mstari ulionyooka. Mtu anasema mtambo umetulia kumbe unatetemeka.

Swichi: Pampu ipewe hesabu yake. Imewashwa ni 1, imezimwa ni 0, hakuna nusu katikati. Hesabu dakika ilizofanya kazi ndani ya saa. Mita ya jumla, ile inayoongeza tu kama mita ya maji, chukua tofauti ya mwisho na mwanzo, na uangalie isiwe imerudi sifuri: kihesabio cha biti 16 kikifika 65,535 kinaanza upya.

Kilele: Mtandao ukikatika je? Programu nyingine huburuta thamani ya mwisho saa nzima kana kwamba kihisi kilikuwa hai. OPC UA, kanuni za kimataifa za kubadilishana data za mitambo, sehemu ya 13, kina hesabu ya asilimia ya muda ambao data ilikuwa nzuri. Iweke kando ya kila wastani. Ikiwa ndogo mno, acha pengo lionekane.

MtunzaData: Basi joto na presha nachukua wastani wa muda pamoja na chini na juu, pampu dakika. Muhuri wa saa niuweke mwanzo wa kipindi au mwisho?

Swichi: Mwanzo, tena kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na vihisi vyote vifuate hivyohivyo. Data ghafi usiifute kwanza, linganisha wiki kadhaa.